Matumbawe Yaliyopanda Lushoto

Mdogo wangu alipiga simu mwezi wa tano akasema anarudi nyumbani, ila haji peke yake. Nikadhani amepata mke mwingine. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mitatu kabla, na mwanamume kukaa Tanga miaka mitatu bila mke ni jambo la kuulizwa. Nikamuuliza huyo mtu ni wa wapi. Akacheka kicheko cha upande mmoja, maana kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia na kona ya mdomo, akasema anakuja na bahari yake.

Bahari yenyewe ilikuwa tangi la kioo, refu kama mlango ukiulaza chini, lenye maji ya chumvi, mchanga, mawe, samaki na matumbawe hai. Mdogo wangu alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi. Mteja wake mmoja aliyekuwa anahama nchi alimwachia tangi dogo na samaki wawili kama shukrani. Mtu mwingine angewakaanga. Yeye akaanza kusoma, kuuliza, kuunga pampu za mashine mbovu, kutengeneza taa kwa mabaki, na miaka ikienda tangi dogo likageuka tangi kubwa. Mimi nililiona mara mbili tu nilipokwenda kuwatembelea. Mara zote mbili nilimwambia kwamba umeme ule ungetosha kumlisha mtu, na kwamba bahari ya Mungu ipo mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwake, haina bili. Ndivyo nilivyo. Sijui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mtaa mzima unanijua hivyo.

Kwenye simu nilimwambia aje yeye, hivyo vitu vya majini aviache au avirudishe vilikotoka. Akanieleza, taratibu, kwa ule ulimi uliokuwa mzito bado. Daktari alimwambia mkono utarudi akiufanyisha kazi, na kazi aliyojipa ni hiyo: kulibomoa tangi kwa mikono yake, kulipandisha Lushoto, kulisimamisha upya na kila kilichomo kikiwa hai. Mafundi vijana wa pale Tanga walikuwa wameshaanza kugawana wateja wake. Watu walikuwa wanamwongelesha kwa sauti ya juu, kana kwamba amekuwa kiziwi au mtoto.

"Dada, likisimama huko, na mimi nimesimama," alisema. "Lisiposimama, basi nitajua."

Sikumuuliza atajua nini. Nilisema lilete, chumba kipo.

Chumba kilikuwa cha uani, alichokuwa analala mama yetu, na baada ya miaka mingi nilikigeuza stoo ya mahindi na maharage. Nyumba yetu iko chini ya njia ya kwenda Irente. Wageni hupita pale asubuhi na fimbo zao kwenda kuangalia bonde la Mazinde, halafu hurudi na jibini waliyonunua huko, wakapiga picha kabichi zangu bila kuomba. Nilitoa magunia, nikafagia, nikamwita fundi akasawazisha sakafu, nikaweka soketi mpya. Na nyuma ya gunia la mwisho nikakuta panya amekufa, amekauka, bila alama ya paka wala mtego.

Wale wa umri wangu huku milimani tunajua kuwa tauni si neno la kwenye vitabu. Ilianzia kwa panya. Panya wakianza kufa wenyewe ndani ya nyumba, watu wazima walikuwa wanaacha kuongea, wanatoa watoto nje, wanalala kwenye shamba la migomba. Viroboto wanamwacha panya wa baridi wanatafuta mwenye damu moto. Mama alivimba kinenani siku ya Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Baba alikuwa kibarua wa mkonge huko chini, akaja kukuta kaburi. Baadaye walikuja watu wa afya na mabomba mgongoni, wakapulizia kuta, dari, sakafu, mpaka vitanda, na tangu mwaka ule hakuna mtu wa rika langu huku ambaye atamlaza mgeni kwenye chumba kilichokuwa kimefungwa bila kukipulizia kwanza. Kwetu hiyo ni sehemu ya kumkaribisha mtu, kama kumchemshia maji ya kuoga.

Mdogo wangu hakumbuki lolote la siku zile. Alikuwa mgongoni kwangu.

Alikuwa ameniambia kwenye simu mambo matano: sakafu iwe sawa, jua lisipige kioo, soketi iwe na waya wa ardhini, moshi wa kuni usiingie, na nisipulizie humo dawa yoyote ya wadudu. Hilo la tano nililisikia vizuri, siwezi kusingizia masikio. Lakini niliposimama pale na yule panya kwenye koleo, niliacha kumsikiliza fundi wa Tanga nikamsikiliza mama. Nikapiga hesabu zangu za mkulima. Kabichi unaipulizia leo, unaiacha siku zake, halafu unaivuna na watu wanakula na hawafi. Mdogo wangu alikuwa anafika Ijumaa na siku ile ilikuwa Jumatatu. Nikachukua dawa ya viroboto kutoka duka la pembejeo, nikaichanganya kwenye bomba la mgongoni, nikazidisha kidogo kipimo kwa sababu ya yule panya, nikapiga ukuta kwa ukuta mpaka plasta ikabadilika rangi. Nikafunga mlango na dirisha. Nikamwachia ufunguo jirani yangu, mama mmoja wa Kilutheri ambaye tumezeeka pamoja, nikamwomba Alhamisi afungue madirisha, adeki, atandaze matawi ya mkaratusi ili harufu iishe. Kisha nikashuka Tanga kumsaidia mgonjwa wangu.

Siku ya kubomoa tangi ndiyo siku nilipomwona mdogo wangu akiwa fundi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemjua kama mtoto, kama bwana harusi, kama mgonjwa. Fundi sikumjua. Aliketi kwenye kigoda mbele ya kioo, akapanga ndoo, madumu, na madeli matatu ya kubebea samaki wa barafu, akaanza kutoa amri kwa sauti ndogo. Kwanza tulivuta maji kwa mpira mpaka madumu yakajaa, maana maji ya zamani hayamwagwi, yanasafiri. Halafu matumbawe, moja moja, kila moja ndani ya mfuko wake na maji yake, bila kuguswa pale penye uhai. Halafu mawe, tukayafunga kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi. Nilimwambia mawe si yangefungwa makavu tu, mawe ni mawe. Akanionyesha moja karibu na uso wangu. Lilikuwa na vitu elfu vinapumua juu yake, minyoo midogo myekundu, vikonokono, nyuzi za zambarau, kidole kimoja cha mnyama kikijificha.

Kila kitu alikianza kwa mkono wa kushoto, lakini kila mara aliulazimisha ule wa kulia uje kushika upande wa pili. Ulikuwa unakuja kwa kuchelewa, vidole vimekunjamana, unatetemeka. Jasho lilikuwa linamtoka kwa kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa nusu dakika. Nilipotaka kumsaidia aliniangalia, nikarudisha mikono yangu kwenye kanga.

Samaki walikuja mwisho, maji yakiwa yamebaki kidogo na hawana pa kukimbilia. Walikuwa tisa. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe ndio aliowapenda zaidi, mke na mume, waliokuwa wanaishi ndani ya mnyama mmoja laini aliyefunguka kama ua. Kulikuwa pia na kamba wawili wembamba, wekundu, wenye mstari mweupe mgongoni, ambao kazi yao ilikuwa kuwasafisha samaki meno na mapezi. Nilimwona samaki akienda mwenyewe kwa kamba, anafungua kinywa, anasubiri zamu yake kama watu kwa kinyozi. Nilisimama pale na ndoo mkononi nikasahau kuipeleka. Sikuwa nimewahi kumsifia mdogo wangu kwa jambo lolote tangu alipomaliza darasa la saba. Nikamwambia, kazi yako nzuri.

Tulisafiri na lori dogo la Kanta la mtu wa mboga aliyekuwa anarudi bila mzigo. Dereva alisema amebeba vitunguu, amebeba ng'ombe, amebeba maiti, hajawahi kubeba maji kuyapeleka Lushoto. Pampu ndogo za betri zilikuwa zinanguruma ndani ya ndoo kama nyuki. Mdogo wangu alikaa kati yangu na dereva na kipimo cha joto mapajani, na kila baada ya muda tulisimama akateremka kukagua. Korogwe sawa. Mombo sawa, joto la Mombo hata samaki wa barafu angefufuka. Kutoka hapo tukaanza kona za kupanda, na hapo ndipo alipoanza kuogopa. Ilikuwa mwezi wa sita, kipupwe chenyewe. Tulipofika Soni ukungu ulikuwa umeshuka barabarani na kipimo kilikuwa kinarudi chini. Tulijaza chupa za maji ya moto kwa mama ntilie pale stendi, tukazipanga ndani ya madeli, tukafunika kwa blanketi langu. Aliniuliza mara mbili kama chumba kina upepo. Nikamwambia chumba nimekiandaa mimi, asiwe na wasiwasi.

Tulifika alasiri. Majirani walikuwa wameshajua, wakaja kupokea mizigo, na salamu za Kisambaa, onga mshi, zikawa nyingi mlangoni hata njia ikaziba. Mdogo wangu aliingia chumbani akiwa amechoka vibaya, mguu wa kulia unaburura. Hakutaka kushikwa. Alitembea kando ya ukuta, kiganja cha kushoto kimeegemea plasta, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa chumba na kurudi, akapima nafasi kwa macho. Akavuta pumzi. Alisema panafaa, ni pasafi, panatoa harufu ya mkaratusi kama utotoni. Kisha akainama akaweka tangi lake sawa, na kiganja kile kile akakiosha kwenye beseni ya maji ya bahari, akaanza kazi.

Nimeurudia mwendo ule kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kuisoma sura yoyote ya Kurani. Mipira ilikuwa imelazwa sakafuni. Pampu ya hewa ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari niliougonga mimi, inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Na yeye kila alipotoka kwenye tangi kwenda kwenye ndoo alikuwa anashika ukuta, na kila aliporudi alikuwa anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Kufika magharibi kila kitu kilikuwa ndani. Maji yalikuwa bado na ukungu wa mchanga, lakini hita ilikuwa inafanya kazi na taa ya buluu iliwaka. Samaki wote tisa walikuwa wanaogelea. Kamba mmoja alipanda juu ya jiwe akaanza kupunga ndevu zake ndefu, akitafuta mteja. Mdogo wangu alinitazama. Sehemu ya uso iliyokuwa imelala ilikuwa bado imelala, lakini ile nyingine ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mkewe afe. Alinyanyua mkono wa kulia mpaka usawa wa kifua, juu kuliko nilivyowahi kuuona tangu augue, akafungua vidole vitatu.

Asubuhi alinipa shikamoo kupitia dirishani kabla sijamwona, na sauti yake haikuwa ya jana. Niliingia. Kamba mmoja alikuwa amelala chali juu ya mchanga, miguu inarusharusha. Yule mwingine alikuwa anajirusha nyuma, anagonga kioo, anaanguka, anajirusha tena. Konokono walikuwa wameachia mawe na kulala chini wakiwa wamefungua milango yao. Mdogo wangu alikuwa na vichupa vyake vya kupimia maji vimepangwa juu ya kigoda, anavidondoshea matone ya dawa kwa mkono wa kushoto, anasubiri rangi, analinganisha na karatasi. Chumvi sawa. Joto sawa. Akapima tena.

Mimi nilijua. Nasema wazi, nilijua pale pale nilipowaona wale kamba, kwa sababu nimepulizia wadudu shambani miaka arobaini na ninajua namna mdudu anavyokufa kwa dawa. Anarusha miguu hivyo hivyo, anajipindua hivyo hivyo. Ningemwambia dakika ile labda angeyatoa maji yote, angewaweka samaki kwenye ndoo na maji safi aliyobakiza kwenye madumu, angewahamishia jikoni kwangu. Labda angeokoa nusu. Nilisema naenda kuwasha moto wa chai.

Mchana samaki walianza. Walikuwa wanapanda juu kupumua, kisha wanazunguka kwa upande mmoja kama walevi. Wale wawili wa chungwa walijificha ndani ya mnyama wao, lakini na yeye alikuwa anajikunja, anatoa uteute. Majirani waliokuja kuona maajabu ya bahari walisimama mlangoni, wakatikisa vichwa, wakasema ni baridi. Huku kwetu baridi inaua hata ndama, sembuse vitu vya pwani. Mdogo wangu alikuwa anawaonyesha kipimo cha joto bila kubishana. Baridi haikuwa. Aliendelea kubadilisha maji kwa mkono mmoja, ndoo baada ya ndoo, akichanganya chumvi yake mpya, akishika ukuta njiani. Nilikuwa namwangalia anavyoshika ukuta. Nilitamani kumwambia asishike, na sikuwa na namna ya kumwambia asishike bila kumwambia kwa nini.

Siku ya pili maji yaligeuka. Mawe yale yaliyokuwa yanapumua yalianza kufa kwa ndani, na chumba kikanuka kama pwani maji yakiwa yametoka. Kichupa chake kikawa kijani kibichi, akasema sumu ya vilivyokufa sasa inaua vilivyobaki. Aliwatoa wale wawili wa chungwa kwa wavu, mmoja tayari amekufa, na yule mwingine akamshikilia ndani ya bakuli la maji safi kwenye mapaja yake, anamsukuma mbele na nyuma taratibu ili maji yapite kwenye matamvua. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Jirani yangu alikuwa ameingia na chupa ya chai. Hapo ndipo aliponiuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli.

"Dada, mlipulizia kitu humu?"

Sikuwa nimejiandaa, lakini jibu lilitoka kama mtu aliyejiandaa.

"Kitu gani? Nilifagia, tukadeki, jirani akaweka majani. Basi."

Jirani yangu aliniangalia. Ufunguo alikuwa nao yeye, madirisha alifungua yeye, alilalamika kwangu mwenyewe kwamba macho yalimwasha alipokuwa anadeki. Akaweka chupa ya chai chini, akasema ana mbuzi wa kufunga, akatoka. Hakuwahi kunisema. Ila tangu siku ile akija kwangu hakai sana.

Mdogo wangu alitikisa kichwa kukubali. Yule samaki alikuwa ameshalala ubavu ndani ya bakuli.

"Basi ni mimi," alisema. "Ni mkono wangu. Nimekosea mahali."

Naweza kutoa sababu. Kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba jirani alikuwepo, kwamba kitendo kilikuwa kimeshapita na kukiri kusingefufua samaki. Zote ni za uongo. Niliona aibu, na nilikuwa mkubwa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni tukitoka mazikoni kwa mama, mimi ndiye niliyemfundisha kusema shikamoo, na mdomo wangu haukuwa na njia ya kusema nisamehe kwa mtu niliyemwosha mavi. Huku kwetu mkubwa akikosea kwa mdogo anachinja kuku, anampa nyama nzuri, mambo yanaisha bila kutajwa. Jioni ile nilichinja kuku. Alikula kidogo akasema ashukuriwe Mungu.

Tulitoa kila kitu siku ya tatu. Samaki na matumbawe tuliyazika kwenye kona ya shamba, na maji nilitaka kuyamwaga mferejini, akanizuia, akasema yataua kabichi za watu walio chini. Tukayamwaga nyuma ya choo, ndoo kwa ndoo. Pale hapajaota hata jani mpaka leo. Mawe aliyapanga ukutani nje, na mvua zilipokuja yaligeuka meupe, wageni wa Irente wakawa wanayapiga picha pamoja na kabichi.

Nilidhani huzuni itamkaa mwezi, miezi miwili, halafu itapoa. Huzuni ingekuwa afadhali. Alichofanya ni kukubali. Alikuwa na mpira mdogo wa kubinya, aliopewa hospitali, na Tanga alikuwa anaubinya hata akiwa anaongea na simu. Niliukuta chini ya kitanda una vumbi. Majirani walileta friji lililokuwa haligandishi, wakamwomba aangalie tu, hata kwa maelezo. Akasema kwa adabu kwamba mkono wake hauaminiki tena, watafute fundi mwingine. Walileta pasi, redio, taa ya sola. Jibu lilikuwa hilo hilo, kwa adabu ile ile. Mkono ukaanza kujikunja kuelekea kifuani, vidole ndani ya kiganja, mpaka ikawa lazima mimi nivifungue kila Ijumaa ili nimkate kucha. Kila asubuhi alinipa shikamoo kwa heshima zote, na mimi niliitikia marahaba.

Nilijipa moyo mara nyingi. Nilijiambia nitamwambia baada ya mfungo, kisha baada ya Idi, kisha mvua zikipungua. Mwaka ulikuwa umepita na miezi juu yake niliposema. Ilikuwa mchana wa kawaida. Tulikuwa tumeketi uani kwenye jua, ungo wa maharage kati yetu, yeye anachambua mawe na maharage mabovu kwa mkono wa kushoto. Nikaanza mahali ambapo ningeanza siku ya kwanza, kwa yule panya nyuma ya gunia. Nikamwambia kuhusu bomba, na kipimo nilichozidisha, na majani ya mkaratusi yalikuwa ya kazi gani. Nikamwambia kuhusu kiganja chake na ukuta. Sikuacha kitu. Nilimwambia mkono wako haukukosea hata kidogo, kila kitu ulikifanya sawasawa, samaki wako niliwaua mimi kisha nikakudanganya. Na nikasema nisamehe, neno zima, na halikuniua.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatabasamu kwa ile nusu ya uso, tabasamu la upole ambalo mtu mzima humpa mtoto aliyemletea zawadi ya udongo.

"Dada, nakushukuru," alisema. "Lakini usijisingizie kwa ajili yangu."

Nilimwambia sijisingizii. Nikamtajia jina la dawa, nikamwambia amuulize jirani, yeye ndiye aliyefungua madirisha. Akasema jirani ni shoga yangu, atasema nitakachomwomba aseme. Nilipandisha sauti. Nikaapa. Yeye aliushika mkono wangu uliokuwa juu ya ungo, akaubonyeza kidogo kunituliza.

"Nilikuuliza siku ile, ukanijibu. Watu wote wananidanganya, dada, wananiambia nitapona. Wewe hujawahi kunidanganya hata siku moja. Usianze leo."

Kisha akauachia mkono wangu akaomba nimsogezee ungo karibu, maana hakuufikia vizuri. Nikamsogezea. Akaendelea kuchambua.